Moto Usio na Moshi

Azarias Rugema hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa sababu tu kimesemwa. Ukimwamkia asubuhi aliitikia vizuri, lakini ukishapita alisimama akikutazama mgongo, akijiuliza umetoka wapi mapema vile. Ukimletea zawadi ya chumvi alishukuru, akaiweka chini, akangoja kusikia unataka nini. "Si bure," ndilo lilikuwa neno lake. Watu wa kilima chao, huko juu ya Lemera barabara ya gari inapokatikia na njia za ng'ombe kuanza, walimtania kwa neno hilo hata kanisani, ingawa alikuwa shemasi. Mtu akikosa kuja ibadani, jirani alimwinamia Azarias na kumnong'oneza, "Si bure." Naye aliitikia kwa kichwa, asione kwamba anachekwa.

Mtu wa namna hiyo ndiye Mbelgiji alimchagua amlindie mali yake, na pengine alichagua vizuri. Mbelgiji huyo waliyemwita Daktari André alikuwa daktari wa ng'ombe. Kila kiangazi alipanda kutoka Uvira kuja kuchanja mifugo ya milimani, na nyuma ya Land Rover yake alikokota nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu. Watu waliiita ruloti, kama alivyoiita mwenyewe. Kulikuwa na kitanda, meza ya kukunja, madirisha mawili ya kioo, na kidirisha kingine juu kwenye paa. Aliiegesha karibu na zizi la Azarias, akaishi humo mpaka chanjo zimalizike.

Asiyepajua kule juu atauliza daktari alihitaji nini zaidi ya kitanda. Uvira mtu hulala na shuka moja, na hilo nalo hulisukuma miguuni. Kule juu, mwezi wa Juni na Julai, majani huamka meupe na maji ya ng'ombe hufunga ngozi nyembamba ya barafu. Sisi wa ziwani tukipanda huko tunatetemeka tangu jua halijatua, na wafugaji wanatucheka wazi wazi. Wao wana moto wao katikati ya nyumba, mchana na usiku, na mwingine zizini ambao haufai kuzimika, ng'ombe wakisimama ndani ya moshi wake. Kila mtu kule ananuka moshi, na hakuna anayeona ni aibu.

Daktari hakupenda moshi. Yeye alikuwa na kisanduku cha chuma chenye mshikio, chepesi, cha kubebwa kwa mkono mmoja, alichokiita shofaji. Mpira ulitoka nyuma yake ukaingia kwenye mtungi wa gesi ya propani, mzito kama ndama mchanga. Jioni alifungua koki, gesi ikalia kama nyoka aliyekanyagwa mkia, akawasha kiberiti, na wavu wa mbele ukaanza kuwa mwekundu taratibu. Ruloti yote ikajaa joto. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na majivu, wala kuni hata moja.

Azarias aliutazama moto ule kiangazi baada ya kiangazi, na hakuupenda. Lakini lililomsumbua zaidi lilikuwa jambo jingine. Kila jioni, daktari akishawasha shofaji yake, alisimama juu ya kitanda akakisukuma kidirisha cha paa na kukiacha wazi, upana wa ngumi. Chini kabisa, karibu na sakafu, kulikuwa na matundu yenye nyavu ambayo hakuruhusu hata koti lining'inie mbele yake. Baridi ikaingia kwa raha zake. Mtu anayelipia joto, kisha anaifungulia baridi mlango! Azarias aliligeuza jambo hilo kichwani mpaka likamkolea. Hatimaye akapata jibu. Mzungu aliacha wazi ili asikie wanachosema watu zizini.

"Si bure," akamwambia mkewe.

Mkewe, Mukakalisa, alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono ya usafi. Vyombo vyake vya maziwa viling'aa, na watu walitoka vilima vingine kuja kuiga mishono ya vifuniko vyake. Yeye hakujali kidirisha. Alichokitilia shaka ni moto wenyewe.

"Moto yetu ikikuwa mubaya, macho yako inakuambia," alisema. "Unalia, unakohoa, unatoka inje. Ile ya Muzungu inakaa kimya. Utajua namna gani kama imekasirika?"

Azarias alicheka. Moto usio na moshi utamfanya nini mtu? Kwa wafugaji, moshi ndio unaoua. Wanajulikana wazee waliokutwa wamelala milele katika nyumba iliyojaa moshi wa kuni mbichi. Moto safi namna ile unaweza kuwa na siri, ndiyo, lakini si ya kuua. Hapo tu, katika maisha yake yote, Azarias aliamua kutotilia shaka. Alikosea hapo hapo.

Uhuru ulipofika mwaka wa sitini, daktari alikuwa juu na ruloti yake. Siku chache baadaye askari walianza kuwakataa maofisa wao Wabelgiji, habari zikapanda mlima zikiwa zimeongezwa chumvi njiani, na asubuhi moja daktari akaifungua ruloti kutoka kwenye Land Rover ili aende upesi zaidi. Akampa Azarias ufunguo. Mitungi ya gesi iliyobaki aliipanga chini ya kitanda.

"Nitarudia," alisema. "Unilindie."

Azarias aliitikia, na moyoni akajua kwamba hatarudi. Hata hivyo alilinda. Miaka ikapita. Waliosema kwamba ndani kuna redio ya kuongea na Ubelgiji walifukuzwa, na waliosema kuna dhahabu chini ya sakafu walifukuzwa kwa fimbo. Alipangusa vumbi. Na kwa kuwa panya walianza kuingia kwa matundu ya chini, na ukungu wa mvua uliingia kwa kidirisha cha paa, alifanya kile mfugaji yeyote wa kule angekifanya kwa nyumba ya ndama. Alichanganya udongo na mavi ya ng'ombe, akakandika matundu yote moja moja kwa vidole vyake, akakipigilia kidirisha na kukizungushia udongo. Alipomaliza, upepo haukupata hata pa kupitisha ulimi. Alijisifu kwa kazi ile kuliko kwa ushemasi.

Mwaka wa sitini na nne uasi ukalipuka bondeni. Mji wa Uvira uliangukia mikononi mwa wapiganaji, na barabara ya bonde mpaka karibu na Kamanyola ikawa yao leo, kesho ya masoda, askari wa serikali. Watu wengi walikimbilia milimani. Mmoja wao alikuwa Florentine, mchuuzi wa mtaa wa Rugenge huko Uvira, Mfuliiru kwa kabila, aliyezoeana na Mukakalisa tangu zamani kwa kubadilishana chumvi na siagi. Akipita kilima hadi kilima na furushi lake kichwani, alilala kwao mara kwa mara.

Asubuhi ambayo wapiganaji walionekana wakipanda, Azarias alitoka nyuma ya zizi akawakuta wanawake hao wawili wamesimama karibu karibu. Florentine alikuwa anampa Mukakalisa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Mukakalisa alipomwona mumewe, alikisukuma kifuani ndani ya nguo, akauliza kama ndama wameshafunguliwa. Alikuwa hajawahi kuuliza jambo hilo maishani. Florentine akabeba furushi lake, akaaga upesi, akashika njia ya kilima cha pili walikokuwa ndugu zake.

Azarias alilimeza jambo hilo, likakaa.

Wapiganaji walifika saa ya mchana, wamechoka, midomo imewapauka kwa baridi. Mkubwa wao, komanda, aliitwa Bonaventure, kijana wa Kamanyola aliyekuwa karani wa pamba kabla ya vita, mpole wa sauti kupita ilivyotazamiwa kwa mtu mwenye bunduki mbili. Alitaka nyama ya watu wake. Akaelekeza kidole zizini bila kuchagua, na kidole kikaangukia Bihogo.

Bihogo alikuwa ng'ombe wa Mukakalisa. Siku ya kuolewa kwake, baba yake alimpa ng'ombe aliyemzaa Bihogo, na Bihogo alizaliwa mikononi mwake. Mukakalisa hakulia. Alisimama mlangoni mpaka kazi ikaisha, kisha akaingia ndani akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Azarias alimtazama mgongo ule mwembamba ukiinama na kuinuka, na lile jani la mgomba likamrudia kichwani. Hofu ikamshika.

Jioni baridi ikashuka. Wapiganaji walijigawa katika nyumba za kilima, wakazunguka mioto ya kuni na nyama yao. Bonaventure aliiona ruloti.

"Mule ndani munalalaka nani?"

"Hakuna muntu, mukubwa," Azarias akajibu. "Ni ya Muzungu wa ng'ombe. Iko shofaji ya gazi."

"Inawaka?"

"Sijajaribu. Lakini nilikuwa namuona akiwasha."

"Basi washa. Hii baridi yenu itatuua mbele ya masoda kutuua."

Azarias aliwasha. Gesi ikalia, wavu ukawa mwekundu, na kijana mlinzi wa komanda, jina lake Rémy, akapiga kelele ya furaha akanyoosha mikono. Hapo Mukakalisa akaja na maziwa ya jioni katika chombo cha mti chenye mfuniko wa ukindu, pamoja na kikombe. Alipiga goti, akamimina, akampa komanda kikombe kwa mikono miwili.

Hakuonja.

Kule kwao, anayekupa maziwa huonja kwanza mbele ya macho yako. Ni funda moja dogo, na maana yake inajulikana hata na mtoto, kwamba mkono huu ni safi. Mukakalisa alikuwa ameonja mbele ya wageni maisha yake yote, hata mbele ya wakwe wasiompenda. Azarias aliona komanda akikishika kikombe kwa kitambo bila kunywa, kisha baridi na kiu vikamshinda, akanywa. Rémy akanywa. Wakafunga mlango wa ruloti, na Azarias akarudi nyumbani, akalala akimsikiliza mkewe anavyopumua.

Asubuhi, jua limekwisha kupanda, hakuna aliyetoka. Mpiganaji mmoja akaenda kugonga, akagonga tena, akavuta mlango. Bonaventure alitoka kwa magoti, akatapika kwenye majani, akashika kichwa chake kwa mikono miwili akiuma meno. Rémy walimtoa kwa kumburuta. Alikuwa anapumua, lakini macho yaligeuka juu na jina lake hakulijua. Shofaji ilikuwa imezimika yenyewe, mtungi umekauka.

Neno lilikuwa moja tu midomoni mwa wote. Sumu. Bondeni na milimani, mtu akianguka ghafla, watu hawaulizi ni ugonjwa gani. Wanauliza alikula kwa nani. Nyama walikula wote, na wote walikuwa wazima. Maziwa walikunywa wawili, na wawili ndio hao.

Wakamleta Mukakalisa uwanjani. Kilima kizima kilisimama pembeni, wazee wa kanisa pia, na wapiganaji wameshika bunduki zao tayari. Komanda alikuwa ameketi juu ya kigoda, uso wa kijivu, anaongea polepole kwa sababu kila neno lilimgonga kichwani.

"Mama. Minye nilikomelea kwa watu wa ng'ombe tangu utoto. Mwenye kukupa maziwa anaonjaka mbele. Weye jana hukuonja. Juu ya nini?"

Mukakalisa alitazama chini. "Sikukuwa na kiu."

"Kuonja haiko kiu."

Komanda akamngoja muda mrefu, na kila aliyesimama pale alimngoja, na Azarias zaidi ya wote. Angesema neno lolote wangelishika, hata la uongo. Hakusema.

"Maziwa ile ilibakia iko mu nyumba," alisema mwishowe. "Muniletee."

Wakaleta chombo. Akanywa chote, taratibu, mpaka akakipindua, na wakati wote akinywa hakumtazama komanda wala bunduki. Alimtazama Azarias. Azarias akatazama pembeni.

Wapiganaji hawakuridhika. Mmoja alisema sumu ilikuwa kwenye kikombe, si kwenye chombo. Mwingine alisema wanawake wa namna hiyo hunywa dawa yao mapema. Mwingine akataja Bihogo, kwamba kisasi kina sababu yake. Komanda akasikiliza wote, akapangusa mdomo, akasema kwamba kabla jua halijashuka mambo yawe yameisha. Kila mtu alielewa maana yake.

Na Azarias alijua kitu ambacho wao hawakukijua. Jani la mgomba. Neno moja tu kutoka kwake lingemmaliza mkewe pale pale, na ulimi wake, uliozoea kusema "si bure" kwa mambo yasiyo na uzito, ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kwa maana aliamini. Nisifiche hilo kwa kumpendezesha. Aliamini kabisa kwamba mama wa mtoto wake Inamahoro alitia kitu kwenye kikombe kwa ajili ya ng'ombe wake, na mahali fulani moyoni hakumlaumu. Akafungua mdomo atafute chochote cha kutupa katikati ya mkewe na bunduki, na akashika kilichokuwa karibu.

"Mukubwa, ni ile moto."

Wapiganaji wakacheka. Hata wazee wa kanisa walitikisa vichwa.

"Muzungu hakukuwa anafunga kile kidirisha cha juu," Azarias akaendelea, akijisikia mjinga. "Kila magaribi alikuwa anaacha wazi. Na matundu ya chini. Minye nilifunga yote juu ya panya."

"Moto haina hata moshi," mpiganaji mmoja akasema.

Bonaventure hakucheka. Alimtazama Azarias kwa muda, na watu watakuambia kwamba karani yule alikuwa na akili, lakini mimi naona alikuwa tu amechoka na hakutaka kumpiga risasi mwanamke mwenye umri wa mama yake bila sababu ya kutosha.

"Vizuri," akasema. "Weye utaingia. Tutafunga kama tulivyofunga jana. Utakaa mpaka ng'ombe warudi kunywa maji. Ukitoka mugonjwa, ni moto. Ukitoka muzima, basi ni bibi yako."

Wakaunganisha mtungi mpya. Azarias mwenyewe aliwasha moto, maana hakuna mwingine aliyejua. Walifunga mlango kwa nje, na komanda akasogeza kigoda chake mbele ya dirisha la kioo ili amwone.

Azarias aliketi kitandani. Joto lilipanda upesi, zuri, la kulegeza viungo, na hapo ndipo hofu ya kweli ilipomwingia. Hakuogopa kuugua. Aliogopa kutoka mzima. Atakaa hapa kwenye joto hili tamu, ng'ombe watarudi, mlango utafunguliwa, atashuka kwa miguu yake mwenyewe, na kila hatua yake itakuwa ni kumwua Mukakalisa. Ni yeye aliyejenga mtego, na chambo ni afya yake.

Akaanza kuomba. Alikuwa ameomba mvua, ameomba watoto, ameomba amani kwa maneno marefu mbele ya kusanyiko. Sasa aliomba kuumwa kichwa. Mungu wangu, niumize. Nipasue kichwa. Alifumba macho akajipekua mwili wote kutafuta maumivu, kama mtu anavyotafuta kupe kwenye manyoya. Hakukuwa na kitu. Kioo kikaanza kulowa kwa pumzi yake, na komanda akawa kivuli nje.

Kisha, juu ya nyusi, kitu kikamgusa.

Hakukiamini. Azarias wetu, hata hapo! Alijiambia ni njaa, kwani hakuwa amekula tangu jana. Akajiambia ni woga. Akakitegea sikio kile kidude kidogo kilichokuwa kikigonga, akakipa muda kijieleze, na kikajieleza. Kilishuka mashavuni, kikazunguka kisogoni, kikaanza kupiga kama mtu anayepigilia vigingi. Tumbo likageuka. Alipoinua mkono, mkono ulichelewa kuja.

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, na waliokuwa nje walifikiri anaogopa. Ilikuwa ni moto. Mukakalisa hakufanya kitu. Mwanamke yule alisimama uwanjani na mikono yake safi, akanywa maziwa huku akimtazama mumewe, na mumewe akatazama pembeni. Haya ilimkamata vibaya kuliko kile kichwa.

Sasa mwili nao ulitaka lake. Ulitaka hewa. Macho yake yaliangukia matundu ya chini, na kwenye udongo mkavu aliona alama za vidole vyake mwenyewe. Kidole kimoja tu kingetosha. Angesukuma kidogo, kipande kingeanguka nje kwenye majani, hakuna ambaye angeona. Mkono ulikuwa umekwisha kwenda. Aliuona ukienda, akaurudisha, akaikalia mikono yote miwili kama watoto wanavyokatazwa kugusa chakula. Asiwe mgonjwa nusu. Nusu wangeitilia shaka, na yeye alijua kuliko mtu yeyote jinsi shaka inavyokula. Lazima aanguke waone.

Akaanguka. Paji la uso liligonga meza, na watu wa nje walisikia.

Bonaventure alisimama kabla ya wengine wote. "Fungueni," akasema. Wakamtoa Azarias miguu ikiburutwa, midomo imebadilika rangi, wakamlaza kwenye majani baridi mahali pale pale alipokuwa amelazwa Rémy. Komanda aliinama akamtazama, akashika kichwa chake mwenyewe, kisha akageuka.

"Mumuache mama."

Hakuomba msamaha, kwani makomanda hawana desturi hiyo. Aliamuru shofaji itupwe korongoni na mitungi pia, akaamuru machela ifungwe. Rémy, ambaye sasa alikuwa anaomba maji na kumwita dada yake, akabebwa juu yake, na wote wakateremka kuelekea bondeni kabla jua halijafika magharibi. Hatukusikia tena habari zao.

Azarias alirudiwa na fahamu polepole. Kwanza alisikia ng'ombe wakirudi, kisha akahisi maji usoni. Mukakalisa alikuwa amekiweka kichwa chake mapajani, anampangusa matapishi kwa kitambaa. Watu walikuwa wamekwenda kila mmoja kwake, kwa haya zaidi ya adabu.

"Ilikuwa karanga," Mukakalisa akasema, bila kuulizwa. "Florentine alinipa karanga. Nilikuwa na njaa, nikakula zote."

Azarias akafumba macho. Kwa wafugaji wa kule, aliyekula karanga haruhusiwi kugusa maziwa na midomo yake siku hiyo, au chuchu za ng'ombe zitaharibika. Ni mambo ya wazee. Na ni yeye, shemasi Azarias Rugema, aliyesimama mbele ya kusanyiko na kusema kwamba nyumbani kwake upagani huo umekwisha; ndiyo maana mkewe alizificha.

"Ungesema," akanong'ona.

"Mbele ya wazee wa kanisa yako? Na wale wa bunduki? Wangecheka, kisha wangepiga." Aliloweka kitambaa akakikamua. "Walikuwa wameua Bihogo. Sikutaka hata zile zilibakia zipate mubaya juu yangu."

Kisha akauliza, kwa sauti ile ile aliyotumia kuuliza habari za ndama, "Baba Inamahoro, ukiingia mule ndani, ulikuwa unajua haiko minye?"

Kudanganya kungekuwa rahisi. Mtu aliyetolewa kwa kuburutwa angesadikiwa chochote. Azarias aliyatazama macho ya mkewe kutoka chini, yakiwa mekundu ingawa hapakuwa na moshi wowote pale.

"Apana," akasema. "Nilikuwa najua ni weye."

Mkono wenye kitambaa ukasimama.

"Na uliingia?"

"Niliingia. Niliomba Mungu aniue ili wakuache."

Mukakalisa alikiinua kichwa cha mumewe, akakiweka chini kwenye majani kwa uangalifu, akageuza uso. Alilia muda mrefu, na ng'ombe wakapita kando yao kwenda zizini. Kama alilia kwa kutoaminiwa au kwa kupendwa namna ile, hakusema, na Azarias, aliyekuwa na jibu la kila kitu watu walichofanya, hakuthubutu kukisia.